Usichomoe Pini za Geti Likiwa na Moto

Habari ililetwa na muuza maziwa, na kwa kuwa aliileta pamoja na maziwa sikuweza kumfungia mlango. Alisema kule nyumba ya kona, mkabala na duka la saruji, kuna geti ambalo mwenye nyumba alilichomelea mwenyewe uani kwake, na geti hilo limejikunja. Halikugongwa na gari, halikuangukiwa na kitu. Limejikunja lenyewe, mchana kweupe, watu wanaliangalia. Lilipojikunja likabana, mwenye nyumba akakwama ndani, ikabidi atoke kwa ngazi juu ya ukuta kama mtu anayejiibia mwenyewe.

"Chuma cha kuchomelea nyumbani kina kinyongo," akasema huku anapima maziwa. "Kikitoka kwenye moto kinakumbuka kilikotoka. Kinataka kurudi."

"Ongeza maziwa, punguza maneno," nikamwambia.

Akacheka, akaongeza tone. Lakini maneno yalishaingia. Kesho yake nikasikia dukani kwamba aliyekwama ni mama mjamzito. Keshokutwa, kwa msusi wangu, walikuwa watu wanne na mbuzi. Najua uongo hunenepa kila nyumba unayopita, kwa hiyo mbuzi nilimwacha hukohuko kwa msusi. Kilichonikaa kifuani ni kile cha kwanza tu: geti la kuchomelewa uani hujikunja. Kilinikaa kwa sababu Jumamosi ya wiki ileile binti yangu alikuwa anachomelea geti uani kwangu, na geti lile likikataa kufunga, mama yangu mzazi angekwenda kufungiwa chumbani.

Nieleze hapo vizuri, maana ndipo penye mzigo wote.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shule. Amestaafu miaka mingi, ila siku hizi kumbukumbu zake zimechanganyika, na kila asubuhi anaamka, anajifunga kitambaa kichwani na kuondoka kwenda kuwasha jiko. Ukimuuliza unakwenda wapi anakwambia watoto wana njaa, kwani wewe huoni saa? Hana ugomvi na mtu. Anatembea tu, na barabara anaiona kama uwanja wa shule. Alikuwa anaishi kwa dada yangu mkubwa, kwenye nyumba yenye ukuta na geti, anatembea uani mpaka anachoka, anakaa. Sasa dada anakwenda kupasuliwa goti, miezi mitatu hataweza kusimama. Mimi nikasema, Mama aje kwangu.

"Kwako hakuna geti," dada akasema.

"Litakuwepo."

"Nikija Jumapili nikaona linafunga, nakuachia Mama. Nikikuta limeegeshwa kwa tofali, namrudisha kwenye gari moja kwa moja mpaka kwa kaka."

Kaka yetu si mtu mbaya. Lakini kwake kutwa nzima hakuna mtu, na alishasema bila kuficha kwamba yeye atamfungia Mama chumbani na kumwachia chakula na redio. Mama yangu, aliyepikia watoto mia tatu, afungiwe na redio.

Mbele ya nyumba yangu kulikuwa na nguzo mbili za zege tu, bawaba zimeshachimbiwa nguzo moja, tundu la komeo limeshatobolewa nguzo ya pili. Kati yake, hewa. Na mbele ya hewa, barabara ya malori ya kokoto.

Binti yangu tunamwita Cheche. Jina hilo alilipata akiwa mdogo kwa sababu hakai, kabla hajajua kushika mashine. Amejifunza kuchomelea miaka miwili, sasa yuko karakana moja nyuma ya stendi, na bosi wake alimwazima mashine, kinyago cha kuzuia mwanga na klampu sita, vile vibanio vya chuma unavyovikaza kwa kuzungusha skrubu. Ijumaa jioni aliviteremsha uani, nami nikampa ile habari ya nyumba ya kona, na mbuzi nikamrudisha ili iwe nzito.

"Mama, lile geti nimeliona," akasema. "Limepinda kweli. Kinyongo hakuna. Yule baba alianza kona ya juu akashuka na moto mpaka chini bila kupumzika. Chuma kimevutwa."

"Kimevutwa na nani?"

"Na mshono."

Hilo neno likanishtua kidogo, maana mshono ni neno langu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na sita huu. Nikadhani ananitania.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshafuta uani mara mbili na nimeshamuuliza mara tano kama amevaa viatu vizuri. Alipanga vyuma viwili virefu vilivyonyooka juu ya matofali, akaweka pimamaji juu yake, lile rula lenye kiputo cha hewa, akatia vipande vya bati chini mpaka kiputo kikakaa katikati.

"Huko barabarani tunakolifunga si pamepinda tu?" nikamuuliza. "Unahangaika kunyoosha pa kulalia?"

"Likilala pabaya litaamka vibaya. Kama wewe na mgongo wako."

Akalaza vile vyuma vya mraba vilivyo wazi ndani, viwili virefu, viwili vifupi na kimoja cha katikati, vikawa fremu. Akavibana kwa klampu zote sita. Kisha akachukua futi akapima kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, halafu zile kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, mraba uko sawa. Havikulingana, vilitofautiana nusu kidole. Akagonga kidogo kwa nyundo, akapima. Akagonga, akapima. Mimi huku roho juu, jua linapanda.

"Sasa nashikiza," akasema.

Nikasimama. "Unafanya nini?"

"Nashikiza. Natia nukta moja kila kona, ili vishikane tu. Sichomelei bado."

Jamani. Kushikiza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayomfundisha kila anayekuja kwangu kujifunza cherehani: usipeleke nguo kwenye mashine kabla hujaishikiza kwa uzi wa mkono, la sivyo kitambaa cha chini kitakimbia na cha juu kitabaki. Nilikuwa najua chuma ni chuma na kitambaa ni kitambaa. Nikavuta kigoda. Nikajifunika macho alipowasha, na kila aliposimama nikafunua na kuuliza.

"Mbona hukumalizia kona hiyo, umekwenda ya mbali?"

"Nikiimaliza hii yote, itavuta. Moto unatanua chuma, halafu kikipoa kinasinyaa, na kikisinyaa kinavuta kwenda upande uliochomwa. Kwa hiyo nachoma kidogo hapa, nakwenda kona ya mbali iliyoelekeana nayo, nachoma kidogo kule. Zivutane zenyewe kwa zenyewe."

"Kama pazia," nikasema.

"Pazia gani?"

"Pazia refu. Ukilishona upindo kwa mbio moja toka juu mpaka chini, na uzi umekaza, linajikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Unatakiwa ulegeze, ushone kipande, upumzishe, ugeuze."

Cheche alivua kinyago akaniangalia. Jasho linamtiririka, anacheka. "Mama, bosi wangu alinieleza hilo kwa wiki nzima sikumwelewa. Wewe umelisema kwa pazia."

Nakuambia, kichwa kilivimba. Ile hofu yote iligeuka ikawa furaha, nikawa siwezi kukaa. Nikawa msimamizi. Nikawa naonyesha kwa kidole: sasa kona ile, sasa ruka, sasa hapo pumzisha. Na yeye ananijibu, "Sawa, bosi," na tunakwenda vizuri kweli. Muuza maziwa alipita, akachungulia, akauliza kama limeanza kujikunja. Nikamwambia arudi kwenye maziwa yake, huku ni kwa mafundi. Saa sita na nusu kona zote nne na chuma cha katikati vilikuwa vimeshikana kwa mishono kamili, fremu imelala palepale kwenye vyuma vyake, bapa kama meza.

"Naingia kunywa maji na kunawa," Cheche akasema. Akachomoa waya wa mashine ukutani. "Isiguswe. Bado ina moto."

Mimi nikasikia isiguswe kwa mkono. Ndivyo nilivyoelewa. Mkono sikugusa.

Sasa sikiliza kosa hili, maana hakuna aliyenidanganya, nilijidanganya kwa ufundi wangu mwenyewe. Fundi cherehani akishamaliza mshono huchomoa pini. Pini hazikai kwenye nguo iliyoshonwa, zitamchoma mtu, zitaacha alama. Nikaziangalia zile klampu sita, nikaona pini. Mshono umekwisha, pini za nini? Nikafunga kitambaa mkononi nikazizungusha moja baada ya nyingine, nikazipanga vizuri kwenye sanduku ili Cheche akitoka akute mama yake amesaidia. Na nguo ikishashonwa unafanyaje? Unanyunyiza maji unapiga pasi, mshono ukae. Pasi hapa haikuhitajika, moto ulikuwepo. Nikachukua jagi, nikamwagia ile kona ya upande wa komeo, ambayo ndiyo ilichomwa mwisho.

Ikalia chwaaa. Mvuke ukapanda. Halafu ndani ya mvuke nikasikia sauti ndogo, tak, kama mtu anapiga kidole.

Mvuke ulipotawanyika ile kona ilikuwa imeinuka. Imeacha chuma cha kulalia, iko hewani, kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani anataka aulizwe. Nikaisukuma kwa jagi irudi. Ikashuka, nilipoachia ikanyanyuka tena.

Cheche alitoka na glasi mkononi. Aliangalia fremu, akaangalia sanduku la klampu, akaangalia jagi.

"Mama."

"Nimetoa pini," nikasema.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Akaweka glasi chini, akaniomba uzi mweupe na mkasi. Akafunga uzi mmoja kutoka kona hadi kona, na wa pili kutoka kona hadi kona nyingine, zikapishana katikati kama herufi ya eksi. Akanieleza kwamba fremu ikiwa bapa nyuzi mbili zinabusiana zinapokutana. Zetu hazikubusiana. Kati yake vilipita vidole vyangu viwili vimelaliana.

"Komeo litaingia kwenye tundu?" nikauliza.

"Litapita juu yake."

"Tukilisukuma kwa nguvu?"

"Bibi hatasukuma kwa nguvu, Mama. Litakaa wazi tu."

Nikakaa kwenye kigoda. Niliona redio. Niliona sahani imewekwa sakafuni na mlango umefungwa kwa nje. Na simu ikalia hapohapo, ni dada, mtu ananusa shida akiwa mbali.

"Geti vipi?"

"Linapoa," nikasema. Sikusema uongo.

"Kesho saa nane tuko hapo. Mama ameshafunga mizigo yake, ameweka mwiko mkubwa."

Cheche alikuwa ameinama anaizunguka ile fremu, anapapasa. Ghafla akasimama wima.

"Kitambaa kikivutwa upande mmoja unafanyaje? Kola, kwa mfano. Kola ikikunjamana kwenda mbele."

"Nafumua."

"Kufumua sina muda. Bila kufumua."

Nikafikiri. "Nashona mshono mwingine upande wa nyuma," nikasema, "mfupi, niukaze kidogo. Unairudisha."

"Basi tunafanya hivyo."

Alipindua fremu, ile sura ya chini ikatazama juu. Akarudisha klampu kwenye kona tatu, akazikaza mpaka akaguna. Kona mbaya sasa ilikuwa inaelekea chini. Akaweka vipande viwili vya bati chini yake ili asiinyooshe tu, aipindishe kinyume kidogo kupita ilivyotakiwa, kisha akaikaza kwa klampu ya nne. Ni kama unapomvuta mtoto mwenye ukaidi, huishii pale unapotaka akae, unapapita, kwa sababu ukimwachia atarudi hatua moja. Halafu akachoma mshono mmoja nyuma ya ile kona, urefu wa kidole gumba, basi. Akasimama. Tukangoja mpaka wekundu ukaisha, mpaka weusi ukaja. Akachoma mwingine.

"Sasa," akasema, "Mama, kaa juu ya mikono yako."

"Nini?"

"Kaa juu ya mikono. Saa nzima. Hakuna klampu kufunguliwa, hakuna maji, hakuna kupepea na upande wa kanga."

Nikakalia mikono. Mtu mzima, nywele zina mvi, nimekalia mikono uani kwangu. Muuza maziwa akapita anarudi, akauliza kama ninaumwa. Cheche akamjibu kwamba mama anapoa.

Sijawahi kuwa na saa ndefu kama ile, wala yenye furaha ya ajabu kama ile, maana hofu ilikuwepo na bado nilikuwa natamani kuona. Fremu ilikuwa inalia taratibu, tik, tik, kila chuma kinaposinyaa, na kila tik nilimwangalia Cheche na yeye ananiambia kwa macho, tulia. Ilipofika saa kumi na nusu akaweka kiganja juu ya kona. Akakiacha hapo. Kisha akaniita, akaushika mkono wangu akauweka. Chuma kilikuwa baridi kama sufuria iliyolala.

Akafungua klampu ya kwanza. Haikujitikisa. Ya pili. Ya tatu. Ile ya nne, ya kona, alipoilegeza chuma kikapanda kidogo, kisha kikakoma. Tukafunga nyuzi mbili. Mimi ndiye nilifunga, mikono imekufa ganzi kwa kukaliwa, ila fundo ni kazi yangu.

Nyuzi zilikaribiana mpaka kati yake ilipita kifungo cha shati, kile chembamba. Zaidi ya hapo hakikupita kitu.

"Komeo?" nikauliza.

"Kifungo linakivumilia," Cheche akasema, akakaa chini palepale kwenye mavumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka, hata sikujua tunacheka nini.

Jumapili asubuhi alibandika bati zito juu ya fremu. Hapo nilikaa mbali na mikono ikakaa mifukoni. Alianza katikati ya kila upande akaenda nje, mshono wa urefu wa kidole, kisha anaruka nafasi ya shubiri, kisha anahamia upande wa pili kabisa. Aliniambia bati ni baya kuliko fremu, ni jembamba, ukilizungushia moto mfululizo linavimba katikati kama tumbo la aliyeshiba, na tumbo hilo halirudi. Klampu hazikutoka mpaka bati lilipopoa. Saa saba na robo tulilibeba, jirani mmoja akashika upande wa chini, tukaliingiza kwenye bawaba. Likaning'inia. Cheche akalisukuma kwa kidole kimoja. Likaenda, likafika nguzo ya pili, na komeo nikalisukuma mimi. Lilisita, nikaliinua unywele, likaingia.

Dada alifika saa nane kasoro na fimbo yake. Hakusalimia. Alilifunga geti, akalifungua, akalifunga. Akalitikisa. Akarudi nyuma hatua tatu akaliangalia toka juu mpaka chini, jicho moja kalifumba.

"Kona hii ya juu imetoka kidogo," akasema.

"Imetoka unene wa kifungo, Mama Mkubwa," Cheche akamjibu. "Tumepima."

Dada akafunga komeo mara ya tatu. Akamgeukia dereva. "Teremsha mizigo ya Mama."

Mama yangu aliingia na mwiko wake mkononi. Jumatatu asubuhi aliamka, akajifunga kitambaa, akatoka. Nilimfuata kwa macho tu kutoka dirisha la cherehani. Alikwenda mpaka kwenye geti, akaweka kiganja kwenye bati, akauliza nani amefunga, akageuka, akatembea mpaka kwenye kamba ya nguo, akazunguka tangi la maji, akarudi getini. Malori yanapita nje. Alikwenda na kurudi mara tisa na hakuna aliyemshika mkono. Mimi nilishona magauni mawili.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto, mume au ndugu anayetaka kuchomelea geti nyumbani, haya usiyafanye:

Usilaze fremu kwenye ardhi iliyo na mabonde. Nyoosha pa kulalia kwanza.

Usichomelee kabla ya kushikiza kila kona na kupima kona kwa kona mara mbili.

Usipeleke mshono mrefu kwa mbio moja. Kidogo hapa, kidogo upande wa mbali.

Usimalize kona moja yote ukaacha nyingine.

Usirundike moto mwingi mahali padogo kwa kutaka mshono mnene. Unene huo ndio unaovuta.

Usizungushie bati moto mfululizo.

Usifungue klampu chuma kikiwa na moto, hata kama kazi inaonekana imekwisha.

Usimwagie maji. Na maji yasikae karibu na mashine ya umeme kabisa.

Usiangalie ule mwanga kwa macho matupu, hata wewe unayesimamia tu.

Usisaidie bila kuuliza. Hili nimeliandika mwisho kwa sababu linanihusu.